Ukuta Ulioanzia Chini

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 30 Novemba

Mpendwa shemeji,

Kabla ya lolote, nipe hali yako. Kiuno kimekuachia? Mara ya mwisho ulisema ukiinama kuokota tofali unainuka kama mlango wenye kutu. Na baridi ya huko nayo, mnaizoea au mnaivumilia tu? Usinijibu kwa neno moja kama kawaida ya wanaume wa nyumba yenu. Andika ukurasa mzima, mama mkwe anapenda nikimsomea.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Macho ya mama mkwe yamezidi ukungu, lakini ulimi wake haujaingia ukungu hata kidogo. Jana alipapasa shuka nililolianika akaniambia, “Mwanangu, hili umelifua au umelisalimia tu?” Kazi yangu ni ile ile ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Mvua ikishika siku mbili mfululizo, wageni hukosa shuka na mimi hukosa usingizi.

Chiriku ametimiza miaka saba na yuko darasa la pili. Jina hilo ulimpa mwenyewe kwa sababu ya domo lake, na sasa limebaki jina tu. Tangu baba yake aanguke na lile jukwaa kazini, mwaka umepita, mtoto hutoa maneno kama anayeogopa yatamwishia. Msimamizi wa kazi alikuja hapa siku ile na kofia ya marehemu mkononi, akasema ni bahati mbaya, akaondoka kabla maji ya chai hayajachemka. Jukwaa walilifunga upya asubuhi iliyofuata, kwa kamba mpya. Kamba mpya zilikuwapo, shemeji. Zilikuwa stoo.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya hilo. Naandika kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili ya ule ukuta mfupi wa uani, unaokinga mahali pa kufulia.

Ulipokuja mara ya mwisho uliukuta una kozi nne za matofali, ukamcheka ndugu yako. Nakumbuka ulivyosimama na kikombe mkononi. Ukamwambia, “Timazi, wewe unayewabomolea wenzako kuta kwa kiungo kimoja kilichokaa vibaya, leo unapanga matofali kama maboksi ya sabuni? Tofali juu ya tofali, kiungo juu ya kiungo? Ukuta huu mtu akipiga chafya unapasuka.” Naye akakujibu, “Kaka, huu si ukuta, ni shule.” Ulidhani anatania. Hata mimi nilidhani hivyo.

Ulipoondoka alimalizia. Kozi kumi, na kila kozi matofali kumi, ukuta ukafika kiunoni kwangu. Kisha akachukua rangi nyeupe iliyobaki kwenye madirisha ya mtu, akaandika namba kwenye kila tofali. Moja iko chini kabisa kushoto, karibu na mfereji wa maji ya kufulia. Kumi iko mwisho wa kozi hiyo hiyo. Kumi na moja imekaa juu ya moja, ishirini na moja juu yake, na kuendelea kupanda hadi mia moja, kwenye kona ya juu kulia, ambapo mimi huweka sabuni. Ndiyo sababu alipanga viungo vikafuatana. Alitaka mtoto akipanda tofali moja awe ameongeza kumi, akishuka moja awe amepunguza kumi, bila kupotea njia.

Akirudi kutoka kazini alikuwa anageuza ndoo, anaikalia, kabla hata ya kunawa. “Chiriku, niko ishirini na tatu. Nimepanda kozi mbili, nimerudi tofali moja. Niko wapi?” Mwanzoni mtoto alikwenda kwa kidole, akichuchumaa kwa namba ndogo na kusimama kwa namba kubwa. “Arobaini na mbili.” Baadaye akakatazwa kidole, akawa anatazama tu akiwa mlangoni. Mwishowe baba yake akawa anamfunika macho kwa kiganja, na saruji yote ile, na mtoto anajibu kutoka gizani huku akicheka. Kuongeza tisa alimfundisha kupanda moja na kurudi moja. Akifika mwisho wa kozi alimwambia asiogope, hapo hakuna shimo, ni kurudi mwanzo wa kozi ya juu yake. Mimi nilikuwa nafua hapo hapo. Nilijifunza bila kutaka, na siku moja nilimtajia mwenye nyumba ya wageni jumla ya mashuka na foronya kabla hajamaliza kuuliza. Akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

Mwezi wa tisa mwalimu wa darasa la pili aliniita. Ni mwanamke mwenye subira, sitamsema vibaya. Alinikalisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba binti yangu anakwenda kinyume. Hesabu za kuandika anapata. Namba iliyofunikwa kwa karatasi kwenye chati anaitaja mara moja. Lakini zikifika hesabu za kichwa, zile za kufumba macho, anaharibu zote.

“Nawaambia, fumbeni macho, mko thelathini na nne, shukeni mara moja. Darasa zima linasema arobaini na nne. Yeye anasema ishirini na nne. Nawaambia, mko hamsini na nane, pandeni mara mbili. Yeye anasema sabini na nane. Wenzake wanamcheka, wamempachika jina la Kinyumenyume. Mama, nadhani ni msiba. Kichwa cha mtoto kimeyumba.”

Nikamwomba anioneshe hiyo chati. Alikuwa ameibandika juu ya ubao, kubwa na safi. Nilitafuta moja kule chini nilikozoea, nikakuta tisini na moja. Moja ilikuwa juu kabisa, kona ya kushoto. Chati yao inaanza juu na kuteremka, kama mtu anavyosoma ukurasa. Ukishuka unaongeza.

Shemeji, nilicheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka. Mtoto hakuwa ameyumba. Akiwa amefumbua macho alitazama chati ya mwalimu. Akiyafumba, alikuwa anarudi uani.

Nilimweleza mwalimu yote, tangu ndoo hadi kiganja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Nimekuelewa mama, na baba yake hakukosea. Lakini nina watoto sitini na chati moja. Mtihani wa mwisho wa mwaka unafuata chati hii, na atakayeshindwa hesabu za kichwa anarudia darasa. Siwezi kumgeuzia yeye peke yake. Mfundishe nyumbani aiache ile ya ukutani.”

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Mimi niliitikia, nikashukuru, nikatoka. Barabarani nikawaza kwamba mtu amekwenda na nguo zake zote, na sasa naambiwa kuna kidogo kimebaki na hicho nacho nikitoe mwenyewe, kwa mikono yangu, jioni baada ya kazi. Nikajikaza kisabuni.

Nilikata ubavu wa boksi, nikachora miraba mia moja kama ya shuleni. Nikakalia ile ndoo. Siku ya kwanza mtoto alisimama mbele yangu, akaniambia nimekaa mahali pa mtu.

“Mama, mtu anashuka halafu anaongezeka?”

“Shuleni ndivyo.”

“Wanaanzia juu? Tofali la kwanza wanaliweka hewani?”

“Yao ni karatasi, haianguki.”

“Kwa hiyo baba alikuwa hajui?”

“Alijua. Yake ni ya ukuta, hii ni ya darasani. Una mbili sasa.”

Lakini hakuweza kushika mbili. Mtu mzima labda anaweza. Kila alipokwama aligeuza shingo kuutazama ukuta, akanipa jibu la baba yake, akangoja nilikatae. Na mimi nililikataa. Jioni hadi jioni nilikataa majibu ya marehemu mume wangu, tena yakiwa sahihi. Nilipoona hatuendi mbele, nilichukua mashuka ya wageni yaliyolowa nikayatandaza juu ya ukuta, kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka namba zote zikafichika. Mama mkwe alisikia maji yanadondoka upande usio wa kawaida, akauliza, “Kamba ya kuanikia imekatika?” Nikamwambia ndiyo.

Baada ya hapo alishika haraka. Sitini na saba, shuka moja? Sabini na saba. Sabini na saba, ongeza tisa? Shuka moja, rudi moja, themanini na sita. Alianza kujibu kabla sijamaliza swali. Aliacha kugeuza shingo. Nililiona siku lilipotokea, nikamsifu, nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni kwa muda.

Wiki iliyopita wamefanya mtihani. Amepata hesabu za kichwa zote, hakukosa hata moja. Mwalimu na darasa zima walimpigia makofi, na hakuna anayemwita Kinyumenyume tena. Amepanda darasa la tatu. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine, ila kalamu imeanzia kwingine. Mpongeze ukiandika.

Siku ile ile niliondoa mashuka kwenye ukuta. Niliona sasa hatari imekwisha, anaweza kurudishiwa cha kwake. Nikageuza ndoo, nikajaribu kuigiza ile sauti. “Chiriku, niko arobaini na tano. Nimepanda kozi moja. Niko wapi?”

“Thelathini na tano.”

Nikamwonesha kwa kidole. Juu ya arobaini na tano pameandikwa hamsini na tano, kwa mkono wa baba yake, ile tano yenye tumbo kubwa. Akaitazama kwa utulivu. Akanitazama mimi, kwa huruma kabisa, kama mtu anayetaka kuficha aibu ya mwenzake. Akasema, “Mama, hapa baba alikosea.”

Nikamweleza tena kuwa hakukosea. Nikamweleza kuhusu tofali la kwanza na udongo. Alitikisa kichwa kuniitikia, jinsi tunavyomwitikia bibi yake anapotafuta miwani aliyoivaa.

Jana nilikwenda kupeleka mashuka. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti juu ya ndoo, mikono myeusi kwa mkaa. Alikuwa amekata namba za kozi ya juu yote, tisini na moja hadi mia moja, na juu yake ameandika moja hadi kumi, vizuri, kwa mwandiko wa shule. Kozi ya pili alikuwa amefika kumi na sita. Alinitolea tabasamu ambalo sijaliona tangu mwaka jana, akazungumza kwa kasi yake ya zamani, maneno yakipandana. “Mama usije upande huu, sijamaliza. Namrekebishia baba. Watu wakija wasimcheke.”

Nilimwambia ahsante.

Sasa nakuomba, shemeji. Mazishini hukuja, na sikukuuliza kwa nini, wala leo siulizi. Ukipata likizo, usihangaike kutununulia kitu. Njoo ukae uani, umweleze mtoto ukuta huanzia wapi. Wewe atakuamini, wewe ni fundi na mikono yako imefanana na ile. Mkaa unafutika kwa kitambaa, lakini sitaufuta, kwa sababu ameuandika kwa mapenzi. Na mimi siwezi kumwambia zaidi ya nilivyomwambia. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba huanzia juu.

Mama mkwe anakusalimu, anasema ule kabla hujashika kazi. Shangazi wa pale kwenye kinu anakusalimu, goti lake limepona. Mafundi waliofanya kazi na marehemu wakipita hapa hawaachi kukuulizia. Chiriku anamsalimu baba mkubwa, na anataka nikuandikie kwamba yeye sasa ni wa kwanza kwa hesabu za kichwa. Nisalimie mkeo, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja, mkubwa usimruke kwa kuwa amekuwa mrefu.

Mungu akulinde uendapo juu na uteremkapo, na kila unapokanyaga pawe pamefungwa vizuri.

Ni mimi shemeji yako, anayekupenda na kukungoja,

Mama Chiriku