Maji ya Bomba la Jikoni

Shoga, nimetapika kazini.

Asubuhi kaingia hapa kwenye mtambo wa majitaka mama nisiyemjua, na chupa ya maji ya mto. Anakaa bondeni, chini ya hoteli zote za mlimani ambazo majitaka yake tunayasafisha sisi. "Nusa, mwanangu." Nikanusa. Kinyesi! Kinyesi kitupu, shoga!

Nikamwahidi nitapima maji tunayoyamwaga mtoni, nimpe majibu leo leo.

Kufika maabara, namkuta bosi anajaza chupa ya sampuli kwenye bomba la jikoni. La jikoni! "Maji ni maji, msomi. Mtambo umekufa tangu mwaka jana. Ukipima ya kweli, kazi usahau."

Nimepima ya kweli.

Mama alikuwa bado anasubiri getini. Nimempa karatasi ya majibu mkononi, bosi akitutazama dirishani.