Kamba ya nyavu kwenye bomba la taa

Mugango, Jumapili

Watu wa kwaya wamelifunga tena kwa kamba ya nyavu. Ni bomba lilelile la kutundikia taa lililomwangukia na kumuua mume wangu Magesa akipanga viti jukwaani, katika ukumbi wa kanisa. Leo wameongeza na spika mbili.

Nilimwambia mwalimu wa kwaya: bomba hilo ni la taa nne tu, lifungwe kwa cheni, joto la taa linayeyusha nailoni.

Akacheka. "Mama Nyamisi, kamba hii inavuta sangara, itashindwa spika?"

Chakula kimenishinda kwa hasira.

Magesa alikuwaga anavua viatu kabla ya kupanda jukwaani. Vya siku ile nilivirudisha nyumbani, bado viko mlangoni kwangu.

Kesho watoto wana mazoezi pale chini ya bomba. Mfagiaji wa ukumbi ni mimi, ufunguo ninao. Sifungui.