Mchezo wa Kipofu Siku ya Katunge

Mtaa wa Pipeline, Embakasi,
Nairobi.
11 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Nzembi,

Hujambo mamaa? Mgongo umepoa? Natumai barua hii itakukuta mzima, na hao unaowafanyia kazi huko Doha wanakupa nafasi ya kulala. Sisi huku tu wazima. Mvua hainyamazi na nguo hazikauki, lakini tunamshukuru Mungu.

Usishtuke kuona karatasi. Nikiwa kwenye simu mwanao Katunge huwa amenikalia magotini, na mambo haya siwezi kuyasema akisikia. Ndete wa nyumba ya chini anarudi huko wiki hii, nikamwomba akubebee.

Sherehe ya mtoto wako kutimiza miaka sita ilifana. Tulitaka kuwapeleka uwanjani, mvua ikakataa, na unamjua Wafula anayesimamia ploti, mtoto akikimbia tu kwenye korido, atapanda ngazi zote kuja kugomba. Basi tukajifungia humu humu. Nilisukuma kitanda ukutani, nikatoa meza nje, nikabaki kujiuliza, mchezo wa viti nitauchezesha na viti gani? Tulipanga stuli mbili, mitungi ya maji na ndoo tuliyoipindua. Wee! Kijana wa jirani yetu Nurto aliikalia ile ndoo ikapasuka, tukacheka mpaka machozi. Wakacheza sanamu, ule muziki ukizimwa hakuna kutikisika, kisha wakawa wanapuliza baluni isiguse chini. Maji ya kummwagia mwenye siku yake, kama desturi, nilikataa, shida ya maji hapa si unaijua, lakini walimvizia mlangoni na kikombe wakamlowesha hata hivyo.

Halafu wakaomba kipofu. Unaukumbuka, tulikuwa tukiucheza kwa mama mvua ikinyesha. Unafungwa macho, unamshika mtu, yeye hasemi kitu, unampapasa mpaka umtaje, ukipatia unapewa zawadi. Nilimfunga Katunge kwa ile leso yako ya bluu inayokaa nyuma ya mlango. Nilidhani atafurahi kuwa na kitu chako siku yake.

Akanishika mimi, nikipita na sinia ya mandazi. Nikasimama tuli. Alinipapasa mkono, akafika kwenye hili kovu la mafuta, akapanda mpaka usoni. Hakufikiria hata kidogo.

"Ni mama!"

Watoto wakapiga kelele, "Umekosa! Huyo ni anti yako!" Na ni kweli, Nzembi, tangu umwache akiwa hajajua hata kufunga vifungo, mimi huniita anti, na sijamfundisha lingine. Nilidhani atacheka. Alivua leso, akaniangalia machoni, akasema, "Si nimesema ni mama? Leta zawadi yangu."

Nami nikampa. Penseli yenye kifutio, akaenda kuwaringia wenzake. Leso ilibaki sakafuni wakiikanyaga, mpaka nikaiokota.

Ulipopiga simu jioni ukauliza kama alimtaja mama, nikakuambia alimtaja. Haki ya Mungu sikuweza kusema zaidi. Ulifurahi sana, mdogo wangu. Ulilia kwa furaha, nami nikaenda kulia jikoni, maji yakimwagika bure kwenye sufuria.

Sasa nikueleze kinachoniuma, maana hujanisikia bado. Sikulia kwa ajili yako peke yako. Aliposema vile, moyo wangu uliruka. Mimi sikujaliwa mtoto, unajua tulivyohangaika na marehemu mume wangu. Nilisikia raha hata nikajionea aibu, na tangu siku ile nimekuwa nikijipitisha karibu naye ili aniite tena. Ananiita. Simkatazi.

Uliniambia wanataka utie sahihi mkataba tena, miaka mingine miwili. Tafadhali usitie. Najua ulichofuata huko, na sikulaumu hata kidogo. Hapa tutabanana, tutakula tutakachopata, kitanda kinatutosha watatu. Lakini njoo umchukue mtoto wako nikiwa bado naweza kumwachia. Ukikaa miaka mingine miwili, nitakuwa nimemzoea kabisa, na huo moyo wa kumrudisha sijui nitautoa wapi. Nitaumia ukija. Najua nitaumia. Wewe njoo tu.

Mama yuko Kitui, mzima, anakusalimu na anauliza kama huko mvua hunyesha. Kaka yetu Kyule anakusalimu, amepata kazi ya udereva. Nurto anasema ukirudi utamlipia ndoo, na anacheka. Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia ya kurudi, akufikishe mlangoni salama.

Salamu za Katunge sikuziandika. Nilimwuliza jana, "Nimwambie nini mama?" Akasema, "Si uko hapa?"

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayekuogopa kidogo siku hizi,

Ndinda