Kioo Nilichokishika Mimi

Mjukuu wangu, bingwa wa meno ya watu,

Babu yako nimefika salama, na pengo langu ndiyo habari ya mtaa. Nimewaambia niling'olewa bila ganzi huku napiga mluzi. Acha waamini.

Ila kuna jambo linaninyima raha. Siku ile kliniki kwenu, ulipogeuka kuvaa glavu, nilichukua kile kioo kidogo chenye mpini kwenye trei ya vyombo ulivyokwisha kuvichemsha. Nikajichungulia jino, nikakirudisha. Daktari akakikuta kina mate, akakufokea: "Mwezi mzima sasa, bado hujui chombo safi na kichafu?" Ukajibu, "Samahani, daktari." Na mimi, mropokaji wa mtaa mzima, nimelala kitini mdomo wazi, neno halikutoka.

Jana ulinipigia simu unalia, eti wanataka kukuachisha kazi. Hata jana sikusema.

Mpe daktari barua hii. Mwambie, "Babu yangu ni mwongo sana, lakini hapa kasema kweli."

Ukininunia, ni haki yako. Ila usininunie muda mrefu, mama. Umri wenyewe ndio huu.

Ni mimi, babu yako mwenye makosa.