Inazima Kukiwa na Baridi

Nje ya Dauphin, Manitoba
18 Novemba 2003

Kwa dada yangu Orysia,

Pokea salamu kutoka nchi yenye miti. Mimi mzima, nakula, naoga siku za lazima. Wewe je? Pua bado unayo, au baridi ya huko kaskazini imeshaing'oa? Najua ndege ya barua hutua kwenye kituo chenu mara mbili tatu tu kwa mwezi, kwa hiyo naandika kwa uangalifu kama waziri.

Shida ni hii. Ile kompyuta uliyoiunda inajizima. Tena haizimi kistaarabu. Inakata ghafla, halafu inajiwasha yenyewe kama mtu aliyesinzia kanisani akashtuka. Nikiandika, haina neno. Nikisikiliza muziki, haina neno. Nikifungua gemu yetu ya kujenga mji, inavumilia dakika kumi, ishirini, mara pwaa, giza. Jana nilikuwa najenga stesheni ya treni upande wako wa mto. Ndiyo, upande wako! Umewatelekeza wananchi tangu Septemba, mtu lazima atawale. Stesheni yote ikapotea.

Mimi kwa ufundi nakuzidi, hilo linajulikana hadi Winnipeg. Ila wewe ndiye uliyekaza skrubu, basi nakupa nafasi ya kujitetea.

Nyumba iko kimya. Nimeanza kujibizana na friji, na friji inashinda.

Aprili, ya kurudi kwako, iko palepale? Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya kanisa, ile ya jikoni ambayo marehemu mama alikuwa anaandikia siku za kuoka mkate.

Mdogo wako, fundi mkuu,
Levko


Kituo cha Hali ya Hewa
9 Desemba 2003

Mdogo wangu Levko,

Salamu nimezipokea. Pua ninayo. Tuko watu watano hapa, jua lilizama Oktoba na halijarudi. Kila saa mmoja wetu anatoka nje kusoma baridi, upepo na mawingu, anaandika, anarudi ndani. Hiyo ndiyo kazi. Natumaini unakula kitu chenye chumvi, siyo nafaka za maziwa asubuhi hadi jioni.

Gemu inaifanya kompyuta ihangaike kuliko kitu kingine chochote: inapata joto, na inakula umeme mwingi. Anza na joto. Chomoa waya ukutani kwanza. Narudia, kwa kuwa nakujua: chomoa kwanza. Fungua ubavu, puliza vumbi. Angalia kama feni zote zinazunguka. Halafu toa vile vijiti viwili vya kumbukumbu, ujaribu kimoja kimoja. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, usiparamie vyote kama kuku kwenye mtama.

Na stesheni usiijenge karibu na mto. Patafurika.

Dada yako,
Orysia


Nje ya Dauphin
30 Desemba 2003

Dada Orysia, malkia wa giza,

U hali gani? Mimi sijambo, ila nyumba ina jambo. Nitakueleza, usinifokee kabla hujamaliza kusoma.

Nilifungua ubavu. Vumbi lililotoka lilikuwa na umbo la paka. Feni zinazunguka. Vijiti vya kumbukumbu nimevijaribu kimoja kimoja, vyote vinafanya kazi. Ikazima vilevile. Hapo ndipo kipaji kikanishukia. Nikasema: kama adui ni joto, na nje kuna baridi ya nyuzi hasi thelathini ya bure, kwa nini nihangaike na vifeni? Nikafungua dirisha la chumba cha chini, nikaiweka kompyuta chini yake, nikavaa koti na kofia, nikakaa kucheza.

Dakika nne! Haijawahi kuzima upesi vile. Theluji ikaingia kwenye kibodi. Bomba la maji likaganda, likapasuka.

Jirani, mzee Petryshyn, alikuja na spana. Akaitazama kompyuta yenye theluji juu, akanitazama mimi, akasema, "Kijana, umeipeleka kuvua samaki?" Nikamwambia ni sayansi. Akasema, "Ndiyo maana nilikomea darasa la sita." Nikamjibu mimi nimefika la kumi na moja kabla ya kuacha, amheshimu msomi. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.

Unajua gari lake halijachomekwa umeme wa kupasha injini usiku tangu mkewe afariki? Msimu mzima wa baridi, hakuna waya puani mwa gari. Injini imeganda kama jiwe. Nikamuuliza, "Mzee, mbona huchomeki? Asubuhi haliwezi kuwaka." Akajibu, "Nikachomeke, niende wapi kesho?" Akaendelea kukaza bomba. Nikamshikia tochi.

Umejibu vumbi, umejibu feni, umeuliza hadi ninachokula. Aprili hujaigusa.

Mdogo wako mwanasayansi,
Levko


Kituo cha Hali ya Hewa
11 Januari 2004

Levko mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Dirisha, Levko. Dirisha! Niliwasomea wenzangu barua yako mezani, mpishi akamwaga supu. Mwambie mzee Petryshyn ahsante.

Sasa acha kubahatisha. Tutafanya kama tunavyofanya hapa. Chukua daftari. Kila ukicheza, andika tarehe, saa uliyoanza, baridi ya nje, na kama ilizima au haikuzima. Siku ambayo haikuzima iandike pia. Watu huandika mabaya peke yake, ndiyo maana hawaoni kitu. Usitie maoni yako. Najua itakuuma. Wiki mbili, halafu uniletee.

Tarehe sita, Mkesha wetu wa Krismasi kwa kalenda ya kale ya kanisa, nilifungua kopo la maharage. Nilitamani kile chakula cha mama, kutia, ngano laini na asali. Ulipika?

Dada yako,
Orysia


Nje ya Dauphin
3 Februari 2004

Dada Orysia,

Habari za gizani? Sisi huku wazima. Nasema "sisi" ili barua ionekane ina watu.

Nilipika kutia. Ngano ilikuwa ngumu, ningeweza kupigia ndege kwa manati. Niliweka sahani moja zaidi mezani kama desturi, ya mama. Yako sikuweka. Sahani ile ni ya waliokufa, na wewe hujafa, uko kazini tu, Aprili unarudi. Nilibishana na nafsi yangu juu ya hilo hadi chakula kikapoa.

Haya, daftari lako. Sikutia maoni, ingawa ninayo mazuri sana.

Tarehe 20 Januari, saa kumi na mbili jioni, hasi 29. Ilizima.
Tarehe 21, saa nane mchana, hasi 26. Haikuzima.
Siku hiyohiyo, saa moja jioni, hasi 30. Ilizima mara tatu.
Tarehe 24, saa moja jioni, hasi 9. Haikuzima. Nilicheza hadi macho yakauma.
Tarehe 25, saa moja jioni, hasi 11. Haikuzima.
Tarehe 28, saa kumi jioni, hasi 33. Ilitulia saa nzima. Saa kumi na moja na dakika chache, ikazima.
Tarehe 29, hasi 35, jioni. Ilizima, nikaitukana, ikazima tena.
Tarehe 1 Februari, jioni, hasi 12. Haikuzima.

Nimeipeleka mashine hadi duka la kompyuta la mjini, mzee Petryshyn alinipandisha kwenye lori la shemeji yake. Mwenye duka, mama mmoja anaitwa Halyna Sawka, aliniuliza maswali, nikamjibu yote, nikamsahihisha moja. Hakununa. Alisema kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta kinaonekana kizima, labda mashetani. Nikamwambia dada yangu yuko mahali ambapo hata mashetani hawaji.

Mara ya tatu sasa: Aprili?

Mdogo wako,
Levko


Kituo cha Hali ya Hewa
24 Februari 2004

Mdogo wangu Levko,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nimeisoma orodha yako mara nyingi. Ni orodha safi, hata mkuu wetu wa kituo ameisifu.

Kompyuta haina kosa. Mchana inavumilia hasi ishirini na sita bila taabu. Jioni isiyo kali inavumilia pia. Inazima jioni tu, tangu saa kumi na moja, na ni lazima kuwe na baridi kali. Nikajiuliza: watu wa kwetu huwasha nini saa kumi na moja, siku za baridi kali tu?

Chumba cha chini na soketi ya nje ukutani viko kwenye njia moja ya umeme. Babu aliivuta mwenyewe, waya mwembamba, kwa ubahili wake. Hita ya injini ya gari lililochomekwa nje ikivuta, umeme unapungua. Kwa kuandika na muziki unatosha. Kwa gemu hautoshi.

Wewe huna gari, Levko. Gari lililopo hapo ni pikapu yangu.

Umekuwa ukiichomeka tangu Novemba?

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Nina jambo nilipaswa kukuandikia tangu Oktoba. Nilitia sahihi mkataba wa miaka miwili zaidi. Aprili siji. Kila ulipouliza nilikuandikia habari za feni, kwa sababu feni nilikuwa na jibu lake. Hapa kila saa nina kitu cha kuandika. Nyumba ile, tangu mama aondoke, sikuwa naweza kupita jikoni. Wewe uliweza, nikajiambia wewe ni mgumu kuliko mimi.

Chomoa pikapu. Ni yako sasa. Ufunguo uko kwenye kopo la kahawa, juu ya kabati.

Nisamehe.

Orysia, dada yako


Nje ya Dauphin
21 Machi 2004

Dada,

Sijakusalimu, tena kwa makusudi. Haya, nimekusalimu. U mzima? Mimi mzima.

Barua yako ilifika tarehe nne. Siku kumi na saba sikujibu. Usidhani nilikuwa nalia, nilikuwa na shughuli. Kopo la kahawa lina vumbi sana juu, basi.

Siku ileile nilitoka nikachomoa pikapu kwa hasira hadi plagi ikaruka. Nikashuka chini, nikacheza tangu saa kumi na mbili jioni hadi njaa ikanitoa. Haikuzima hata mara moja, na nje ilikuwa hasi ishirini na nne. Uko sawa, malkia. Stesheni nikamaliza, daraja nikamaliza, pande zote mbili za mto zikajaa nyumba hadi pakakosekana pa kujenga. Nikageuka nikuambie, "Ona!" Kiti chako kina boksi la skrubu.

Daftari lako halina safu ya kitu hiki, nakiandika hapa: ilipokuwa inazima, nilikuwa na cha kukuandikia.

Umeuliza kama nilichomeka tangu Novemba. Ndiyo. Watu wanapita barabarani, nilitaka waone waya, wajue nyumba ina watu. Na kama ungekuja mapema, ghafla, Februari kwa mfano, ungeanza kelele: Levko, mjinga wewe, injini imeganda! Basi. Usiipambe.

Ungeniambia Oktoba. Ningekutukana wiki moja, ningechoka, yangeisha. Badala yake ulinipulizisha vumbi. Na mimi siyo mgumu. Jikoni napita mbio.

Nilikuwa napita mbio. Wiki iliyopita nimeipandisha kompyuta huko, juu ya meza ya mama, kwenye njia nyingine ya umeme. Sasa inabidi nikae humo. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili nilikaanga pyrohy, zile sambusa zetu za viazi, zikashikamana zote zikawa moja kubwa. Mzee Petryshyn akaikata kwa kisu kama keki, akala nusu, akasema amewahi kula mbaya zaidi, jeshini.

Aprili nimeifuta kwenye kalenda kwa wino. Ukitaka kuirudisha, ya mwaka wowote, njoo uizungushie mwenyewe. Kalamu imefungwa kwa uzi palepale.

Nilimpelekea Mama Sawka daftari. Alisoma ukurasa wote amesimama, akauliza nani aligundua. Nikasema mimi. Usinikane, unanidai kidogo kuliko ninavyokudai. Akaniuliza nina cheti gani, nikamwambia cha ubatizo. Akaniuliza kama naweza kufika dukani saa mbili kamili asubuhi, kila siku, kilomita arobaini, hali ya hewa yoyote.

Nje sasa hivi ni hasi ishirini na saba, Machi na bado. Saa kumi na moja nilitoka nikaichomeka pikapu. Petryshyn alikuwa anazoa theluji kwa koleo ng'ambo ya barabara, akapaza sauti, "Levko! Dada anarudi?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Kesho nina mahali pa kwenda."

Mdogo wako,
Levko