Spika Tatu za Hooyo

Abowe, kaka yangu mkubwa,

Toka Garissa hadi Elwak hakuna fundi wa kompyuta kama mimi. Mashine ikisikia ndara zangu mlangoni inajiwasha yenyewe, kwa adabu. Cheka tu huko uliko. Shule niliiacha darasa la saba, akili nikaondoka nayo.

Tangu homa ikuchukue, miezi mitano sasa, kibanda chako cha kompyuta ninakiendesha mimi, mdogo wako uliyeniita Mdomo. Juzi mwalimu wa madrasa kaleta mashine kuukuu, anataka mfumo mpya kabisa wa kuiendesha. Nikafungua mfuniko, nikaangalia memori, nikampa maneno yako: "Maalim, huyu ni punda, usimbebeshe mzigo wa ngamia." Nikamwekea mfumo mwepesi. Akaniombea dua.

Lakini kompyuta yako wewe, ile ya bawaba iliyofungwa kwa waya... Nilitaka wapita njia wauone mfumo mpya uking'aa mezani pako. Ulisema mara ngapi? "Jaribu kwanza kwenye flashi, Mdomo. Skrini ikikubali, sauti ikitoka, ndipo uguse diski." Sikujaribu. Memori ilikuwa ndogo, mfumo ukakwama katikati, skrini nyeusi tii. Nikaweka ule mwepesi. Ukakaa vizuri.

Kisha Hooyo, mama yetu, akaja kutoka Kotile. Anataka ile sauti uliyorekodi naye kwenye kompyuta hiyo: wewe unahesabu majina ya mababu, unamruka wa tisa kila mara, yeye anakukosoa, mnacheka nyote wawili. Hana sauti yako nyingine. Nikamwambia, "Hooyo, spika imekataa mfumo mpya."

Baada ya wiki mbili akarudi na spika, kaibeba ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Nikasema si ya aina hii. Akaenda, akaja na nyingine. Nikasema hiyo pia haifai. Jana kaleta ya tatu. Safari yote ile, kwa miguu yake iliyovimba. Akaketi, mikono magotini, akangoja. Nikaipokea, nikaiweka kando ya zile mbili.

Allah akupanulie kaburi, Abowe. Kesho nakwenda Kotile nimwambie mwenyewe, naahidi, hata akinifukuza. Wewe nakuambia kwanza.

Spika zote tatu zinafanya kazi. Nilifuta diski yako bila kunakili chochote.