Barua ya Mchungaji Haikutaja Kazi Yangu

Jumapili jioni, Burnsville, huku Marekani. Theluji inayeyuka, maegesho yote ni tope jeusi, na leo nimekwenda kanisani na gauni zuri na mabuti ya mvua. Nimechoka, lakini si uchovu wa kulala.

Nimekataliwa. Niandike tu wazi, maana tangu Alhamisi nazungukazunguka. Niliomba vyuo vitatu nisome shahada ya pili ya biashara, na vyote vimesema hapana. Jibu la mwisho lilikuja nikiwa kazini, kwenye nyumba ya wazee, nimeshika bakuli la supu. Nikasoma kwenye simu, nikairudisha mfukoni, nikaendelea kumlisha bibi wa chumba namba sita.

Vyote vitatu, jamani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kanisa zima linajua niliomba. Sisi Watanzania na Wakenya wa kanisa letu kule Oakdale ndivyo tulivyo, mtu akitamani kitu anaombewa mpaka kinakuwa kama kimeshatokea. Mwezi wa kumi nilisimama mbele nikatoa shukrani mapema kabisa. Tangu hapo akina mama wananiita "msomi." Mama Kevin, Mkenya wa kwaya mwenye mdomo wake, ameshaniagiza nikimaliza nimpe kazi, na nisimweke jikoni. Nacheka nao kila Jumapili. Ijumaa asubuhi nililia bafuni, maji nimefungulia ili Baba Doreen asisikie.

Akasikia. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni akasema, "Haya, umelia. Umewauliza kwa nini?" Nilimkasirikia kweli. Nani anamwuliza mtu aliyemkataa kwa nini? Nilikokulia mimi, Moshi, ukikosa nafasi unanyamaza na aibu yako. Lakini mchana nikapiga simu kile chuo cha tatu, na kumbe huku inaruhusiwa. Mama mmoja mpole akafungua faili langu. Akasema alama zangu zinatosha. Halafu akasema wadhamini wangu wote wawili wameeleza kwamba mimi ni mtu mwema sana, ila hakuna hata mmoja aliyesema ninafanyaje kazi.

Masikio yakawaka moto.

Wadhamini wangu walikuwa Mchungaji na mwenyekiti wa akina mama. Kwetu ukitaka shule au kazi unaanza na barua ya mjumbe wa mtaa na barua ya mchungaji, wao ndio wanaothibitisha kwamba wewe ni mtu wa watu. Sikuwaza mara mbili. Na Mchungaji, Mungu ambariki, alinipa nakala. Aliandika kwamba nawahi ibada, napanga viti, sijawahi kugombana na mtu, na pilau langu linavuta wageni. Eti pilau! Wakati ule niliona hakuna barua tamu kama ile. Jana nimeisoma tena nikacheka mpaka nikakohoa.

Sasa kwa nini sikumwomba meneja wangu? Hapo ndipo penye ukweli wangu. Niliogopa. Ni mama wa Kimarekani, nimefanya naye kazi miaka sita. Nilidhani akijua nataka kusoma ili siku moja nifungue nyumba yangu ya wazee, ataona namzunguka. Na mambo yako huyatangazi kazini, watu wana macho. Basi habari zangu nikawapa wasioijua kazi yangu, na wanaoijua nikawaficha.

Na kazi ninayo. Mtu akipiga simu anaumwa, mimi ndiye ninayetafuta wa kuziba zamu yake. Wapya wakija, mimi ndiye ninayewafundisha kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza. Familia ikija na hasira, natafutwa mimi. Ila cheo changu mpaka leo ni mlezi tu.

Halafu kuna nafasi ya meneja msaidizi. Tangazo na fomu viko ukutani kwenye chumba chetu cha chai wiki ya tatu sasa, na mwisho wa kuomba ni kesho asubuhi. Kila siku napita kama sivioni. Nilijiambia bila ile shahada watanicheka. Lakini ndani kabisa nilikuwa nasubiri niitwe. Nilivyolelewa, anayejitaja kwa cheo anaonekana ana uchu. Unafanya kazi yako vizuri, wakubwa wanaona, wanakuita.

Leo kanisani, wakati wa shuhuda, nikasimama. Nikasema vyuo vyote vimenikataa. Nikajiandaa kuhurumiwa. Mama Kevin akapaza sauti kutoka kwenye kwaya, "Shauri yao! Sasa wewe unafanya nini?" Watu wakacheka, hata Mchungaji. Swali hilo nikaondoka nalo mpaka kwenye gari. Tulipokaribia nyumbani nikamwambia Baba Doreen asikate kona, anipeleke kazini. Akanyoosha moja kwa moja.

Meneja huwa ofisini Jumapili mchana. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia yote kwa pumzi moja, vyuo, ndoto yangu, na kwamba naitaka ile nafasi. Kiingereza changu kilikimbia ovyo. Akavua miwani. Akasema alidhani siitaki. Lile tangazo alilibandika mkabala na kiti ninachopenda kukaa, makusudi, akasubiri. Alipoona niko kimya akaona ni heshima kuniacha. Kwao, alisema, anayetaka kitu anasema.

Wiki tatu! Yeye ananisubiri niseme, mimi namsubiri aniite. Nilitaka kucheka nikatokwa na machozi, mbele ya bosi, loh.

Hajanipa kazi. Wapo waombaji wengine wawili. Nimejaza fomu palepale, na kesho saa nne nitahojiwa na yeye pamoja na mkubwa wake. Vyuo nitaomba tena mwakani, na safari hii barua ataandika yeye, ameshakubali. Hata nikikosa hii nafasi, vyuo bado nitaomba. Hapo sirudi nyuma. Mchungaji aendelee kuniombea, kwa hilo namwamini kabisa.

Sasa hivi niko mezani na Doreen, binti yangu wa miaka kumi na mitatu, amejifanya bosi ananihoji. Anauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Swali la kwanza, unafanya kazi gani pale? Nikajibu nasaidia saidia tu. Akatikisa kichwa, niseme tena. Nikasema nashirikiana na wenzangu. Akatikisa tena, mtoto hana huruma huyu.

"Zamu ya asubuhi naiendesha mimi," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa mpaka Baba Doreen akapunguza televisheni. Sikuomba radhi.